Kuzisoma Alama za Lebo: Semiotiki ya Bidhaa za Kila Siku na Wajibu wa Taaluma ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika duka lolote la rejareja, iwe Kariakoo, Kongowea au Darajani, bidhaa zilizopangwa rafuni zimebeba maandishi ya aina mbili. Aina ya kwanza ni maneno: jina la bidhaa, viambato vyake, tarehe ya kutengenezwa na mwisho wa kutumika. Aina ya pili si maneno bali ni alama: pembetatu yenye mishale na namba ndani yake, fuvu la kichwa juu ya mifupa miwili iliyopishana, beseni lenye tarakimu 40, kopo lililofunguliwa kifuniko, mistari myeusi iliyosimama. Maneno huchaguliwa kwa kufuata lugha ya wanunuzi wanaokusudiwa. Alama, kwa upande wake, huchukuliwa kuwa hazina mipaka ya lugha. Hubandikwa kiwandani na kusafirishwa duniani kote kwa imani kwamba kila mwenye macho atazielewa.

Mhadhara huu unaihoji imani hiyo. Hoja kuu ni kwamba alama za lebo si picha tupu zinazojieleza zenyewe, bali ni mfumo wenye msamiati, sarufi na historia, na kwamba mfumo huo hujifunzwa kama lugha nyingine yoyote hujifunzwa. Asiyefundishwa atausoma kwa kutumia maarifa aliyo nayo tayari, na usomaji huo unaweza kumgharimu pesa, afya au hata uhai. Kwa kuwa kuzifasiri alama ni kuzieleza kwa lugha fulani, jambo hili linaihusu taaluma ya Kiswahili moja kwa moja.

2.0 Istilahi: Ishara, Alama, Nembo, Chapa na Lebo

Kabla ya kuendelea yafaa kutofautisha istilahi ambazo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa. Kiswahili kina utajiri wa maneno katika uwanja huu. Ishara na alama yote yametokana na Kiarabu. Katika mhadhara huu, ishara itatumika kwa maana pana ya kitu chochote kinachosimama badala ya kingine, na alama kwa ishara inayoonekana, iliyochorwa au kuchapwa. Neno nembo lina historia ya pekee: hapo awali lilitaja chale zilizochanjwa usoni au mwilini ili kumtambulisha mtu na watu wake. Leo linataja alama ya taifa, taasisi au kampuni. Dhana ya utambulisho imebaki. Kilichobadilika ni mahali pa kuchora. Chapa hutokana na kitendo cha kupiga mhuri, na hutumika pia kwa alama ya moto anayotiwa mnyama. Lebo ni neno la mkopo, nalo hutaja kile kibandiko ambacho juu yake alama zote hizo hukutana.

Utajiri huu unaonyesha kwamba mapokeo ya kusoma bidhaa si mageni kwa Waswahili. Kanga ni ushahidi tosha. Kanga huwa na pindo, mji na jina, na kwa miaka mingi zile za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zimetambulika kwa maandishi “K.H.E. Mali ya Abdulla”. Mnunuzi wa kanga husoma pambo, rangi na jina kwa pamoja, na anajua kwamba kila kimoja kina lake la kusema. Vivyo hivyo, mkulima anayeagiza jembe la mamba hakusudii jembe lenye sura ya mamba. Ameisoma chapa ya mtengenezaji iliyopigwa kwenye chuma. Kwa hiyo suala si kwamba jamii haijazoea alama. Suala ni kwamba alama za sasa zimebuniwa kwingine, kwa kanuni ambazo mnunuzi hakuambiwa.

3.0 Aina Tatu za Ishara

Katika nadharia ya semiotiki, Ferdinand de Saussure, ambaye mihadhara yake ilichapishwa mwaka 1916 baada ya kufariki kwake, alieleza kwamba ishara ina pande mbili, yaani kiashiria na kiashiriwa, na kwamba uhusiano kati ya pande hizo ni wa makubaliano. Charles Sanders Peirce (1839–1914) aliainisha ishara katika makundi matatu kwa kuzingatia uhusiano wake na kitu kinachotajwa. Ikoni hufanana na kitu hicho. Fahirisi huungana nacho kwa sababu au kwa ukaribu, kama moshi unavyoashiria moto. Simboli hukitaja kwa makubaliano tu.

Alama nyingi za lebo huchanganya makundi haya, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha makosa mengi ya usomaji. Beseni la kufulia ni ikoni: linafanana na beseni. Lakini tarakimu 40 iliyomo ndani ni simboli. Humaanisha kwamba joto la maji lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Mkato wa X juu ya beseni nao ni simboli, na maana yake ni kwamba nguo isifuliwe kwa maji. Anayetambua beseni peke yake amesoma nusu ya ujumbe, na huenda nusu hiyo ikawa kinyume cha kilichokusudiwa.

4.0 Sarufi ya Alama: Mfano wa Nguo

Alama za utunzaji wa nguo zinafaa kuanziwa kwa sababu sarufi yake ni ya wazi. Ziliendelezwa na GINETEX, jumuiya ya kimataifa iliyoundwa Paris mwaka 1963, na sasa zimo katika kiwango cha kimataifa ISO 3758. Maumbo ya msingi ni matano: beseni kwa kufua, pembetatu kwa kutia dawa ya kung’arisha, mraba kwa kukausha, pasi kwa kupiga pasi, na duara kwa usafishaji wa kitaalamu. Maumbo hayo ni kama mashina ya maneno. Juu yake huongezwa viambishi: mkono ndani ya beseni humaanisha kufua kwa mkono, mstari chini ya beseni humaanisha kufua kwa upole, na mistari miwili kwa upole zaidi, mkato wa X ni kikanushi. Nukta ndani ya pasi huonyesha joto: nukta moja joto la chini, mbili joto la wastani, tatu joto la juu.

Mfumo huu umefika Afrika Mashariki kwa wingi kupitia nguo za mitumba, ambazo mara nyingi bado zina vibandiko vyake. Hata hivyo, mfumo huo una dhana iliyofichika: humdhania msomaji kuwa mmiliki wa mashine ya kufulia na pasi ya umeme yenye kidhibiti joto chenye nukta zilezile. Pasi ya mkaa haina nukta. Kwa anayeitumia, nukta moja haina budi kufasiriwa kuwa “pasi ya uvuguvugu, ipitishwe juu ya kitambaa kingine”, na nukta tatu kuwa “pasi iliyopamba moto”. Hapo inadhihirika kwamba kufasiri alama si kutaja jina lake tu. Ni kuihamishia katika mazingira ya mtumiaji.

Mfano mwingine ni kopo lililofunguliwa, ambalo huchapwa kwenye vipodozi. Alama hii iliingizwa katika sheria za Umoja wa Ulaya mwaka 2003 kwa vipodozi vinavyodumu zaidi ya miezi 30. Ndani yake huandikwa 6M, 12M au 24M, yaani idadi ya miezi ambayo kipodozi hufaa kutumika baada ya kufunguliwa. Kwa bahati njema, herufi M yaweza kusomwa “miezi” bila taabu. Ugumu uko katika neno “baada ya kufunguliwa”, ambalo halikuandikwa popote. Hubebwa na kile kifuniko kilichoinuliwa. Anayeisoma 12M kuwa miezi 12 tangu siku ya kutengenezwa amekosea, na anayeisoma sawasawa hana faida nayo kama hakumbuki siku aliyofungua kopo. Ndiyo maana inafaa kuandika tarehe hiyo kwa kalamu kwenye kopo lenyewe.

5.0 Alama Zisemazo Kidogo Kuliko Zinavyodhaniwa

Kundi jingine la alama halina uongo ndani yake, ila hupewa na wasomaji maana kubwa kuliko ile iliyokusudiwa.

Mishale mitatu inayofuatana ilibuniwa mwaka 1970 na Gary Anderson, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, katika shindano lililoandaliwa na kampuni ya vifungashio ya Marekani. Ilikuwa alama ya urejelezaji. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki nchini Marekani kilitumia mishale ya aina hiyo kuzungushia namba 1 hadi 7. Namba hizo hutaja aina ya plastiki tu: namba 1 ni PET, itumikayo kwa chupa za maji na soda, namba 2 ni plastiki ngumu ya madumu, namba 5 ni polipropilini, namba 7 ni nyinginezo. Hazisemi kwamba chombo kitarejelezwa, wala kwamba ni salama kuwekea chakula. Wapo wanaoisoma namba 1 kuwa “tumia mara moja”, na namba 2 kuwa “tumia mara mbili”. Usomaji huo una mantiki yake, lakini hauna msingi katika mfumo wenyewe. Mwaka 2013 kiwango cha Marekani kinachosimamia namba hizo kilibadilishwa ili mishale iondolewe na kubaki pembetatu tupu, kwa kuwa mishale ilidhaniwa kuwa ahadi ya urejelezaji. Hata hivyo, vyombo vyenye mishale bado viko sokoni.

Vivyo hivyo, duara lenye mishale miwili iliyokumbatiana, lililoanzia Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1990, humaanisha kwamba mtengenezaji amelipa mchango wa kugharimia ukusanyaji wa vifungashio. Halielezi lolote kuhusu kifungashio chenyewe, na kwa mnunuzi wa Dodoma au Kisumu halina huduma yoyote inayoambatana nalo.

Mistari ya msimbo nayo husomwa visivyo. Tarakimu tatu za mwanzo, kama 620 zilizotengewa Tanzania na 616 zilizotengewa Kenya, huonyesha mahali kampuni ilikosajiliwa kupata namba, si mahali bidhaa ilikotengenezwa. Kampuni iliyosajiliwa Nairobi yaweza kuagiza bidhaa kutoka mbali na kuitia namba zinazoanzia na 616. Anayetaka kujua asili ya bidhaa hana budi kutafuta maneno yanayoitaja nchi ilikotengenezwa.

6.0 Alama za Hatari: Pale Kosa la Usomaji Linapoua

Mifano iliyotangulia hugharimu nguo au fedha. Alama za hatari ni suala jingine. Funzo zito zaidi katika historia ya alama hizi lilitokea Iraq. Mwishoni mwa mwaka 1971 nchi hiyo ilipokea maelfu ya tani za mbegu za ngano na shayiri zilizotiwa dawa yenye zebaki ili kuzuia ukungu. Mbegu zilikuwa za kupandwa, si za kuliwa. Zilikuwa zimetiwa rangi ili zitofautishwe na nafaka ya chakula, na magunia yalikuwa na maonyo kwa Kihispania na Kiingereza pamoja na picha ya fuvu na mifupa. Wakulima wa vijijini hawakuzisoma lugha hizo, na fuvu halikuwa na maana ya sumu kwao. Baadhi waliiosha nafaka mpaka rangi ikatoka, wakaamini kwamba na sumu imetoka. Madhara ya zebaki huchelewa kuonekana, hivyo mifugo iliyolishwa haikutoa onyo la mapema. Taarifa ya kisayansi iliyochapishwa mwaka 1973 ilitaja watu 6,530 waliolazwa hospitalini, na 459 kati yao wakafariki.

Kisemiotiki, maonyo matatu yalishindwa kwa sababu tatu tofauti. Maneno yalishindwa kwa kuwa yalikuwa katika lugha ngeni. Fuvu lilishindwa kwa kuwa, ingawa ni ikoni ya kifo, uhusiano wake na sumu ni wa makubaliano, na wakulima hawakuwa sehemu ya makubaliano hayo. Rangi ilishindwa kwa kuwa waliokusudia iwe fahirisi ya sumu hawakutambua kwamba kwa mkulima ingekuwa fahirisi ya uchafu, na uchafu huoshwa. Mbegu za mahindi zilizotiwa dawa na rangi huuzwa Afrika Mashariki hadi leo, kwa hiyo funzo hilo halijapitwa na wakati.

Hata palipo na makubaliano, fuvu halina maana moja. Mwaka 1971 kituo cha sumu katika hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, kilibuni uso wa kijani uliokunjamana na kutoa ulimi, kwa kuwa fuvu liliwakumbusha watoto maharamia na michezo badala ya kifo. Katika Afrika Mashariki fuvu limezoeleka zaidi kwenye nguzo na masanduku ya umeme, sambamba na neno HATARI. Ni jambo la kuridhisha kwamba alama mpya ya kuonya juu ya mnunurisho mkali, iliyotangazwa mwaka 2007, ilijaribiwa kwanza kwa wasomaji wa nchi 11, Kenya ikiwa mojawapo. Alama iliyojaribiwa kwa watu ina matumaini makubwa kuliko ile iliyobuniwa mezani.

Mfumo unaotumika zaidi leo kwa kemikali ni ule wa Umoja wa Mataifa uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Una alama tisa, kila moja ikiwa ndani ya mraba uliosimamishwa kwa pembe, wenye fremu nyekundu na picha nyeusi. Mwali wa moto humaanisha kitu kinachowaka. Mwali juu ya duara ni kitu kinachochochea moto wa vingine. Kimiminika kinachodondokea mkono na chuma ni kitu kinachobabua. Mti mkavu na samaki aliyekufa ni madhara kwa mazingira. Iliyo ngumu zaidi ni ile ya kiwiliwili cha mtu chenye mlipuko mfano wa nyota kifuani. Hutaja madhara ya muda mrefu, kama vile saratani na maradhi ya mfumo wa hewa. Kwa Mswahili, mtu mwenye nyota ni mtu mwenye bahati. Msomaji asiyeelekezwa anaweza kabisa kuisoma alama hii kuwa sifa ya bidhaa.

Lebo za viuatilifu nazo hutumia ukanda wa rangi kufuatana na ukali wa sumu: nyekundu, njano, buluu na kijani. Kijani humaanisha sumu yenye ukali mdogo kuliko nyingine, si kutokuwepo kwa sumu. Hata hivyo kijani ni rangi ya majani, shamba na ruhusa ya kupita. Utafiti wa Hanna-Andrea Rother wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wafanyakazi wengi wa mashambani Afrika Kusini walizifasiri visivyo alama za lebo hizo. Hapana sababu ya kudhani kwamba hali ni tofauti sana pasipotolewa mafunzo.

7.0 Nafasi ya Kiswahili

Ikiwa alama haijitoshelezi, neno ndilo linaloikamilisha. Hapa taaluma ya Kiswahili ina kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kuchunguza maneno yaliyokwisha kutumika. Mfano mkubwa ni neno dawa. Kiswahili husema dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Neno lilelile linataja kinachomezwa ili kuponya na kinachoua kikimezwa. Mkulima anayesema amenunua dawa hajataja sumu, na mtoto anayesikia “dawa” hajaonywa. Istilahi kiuatilifu, inayotumika sasa katika sheria na taasisi za Tanzania, ina kitenzi ua ndani yake na hivyo hubeba onyo lake yenyewe. Lakini matumizi yake bado hayajaenea vya kutosha miongoni mwa wauzaji na wanunuzi. Sumu ya panya ni usemi sahihi kuliko dawa ya panya, nao tayari upo midomoni mwa watu.

Kazi ya pili ni kusanifu maneno ya onyo. Mfumo wa Umoja wa Mataifa una maneno mawili ya tahadhari, moja kwa hatari kubwa na jingine kwa hatari ndogo. Kiswahili kina matatu: hatari, tahadhari na onyo. La mwisho linatokana na kitenzi onya, ambacho kwa asili ni kumfanya mtu aone. Ni muhimu pakubaliwe neno lipi litatumika kwa daraja lipi, na litumike hivyo nchi zote, kwa sababu maneno yakibadilishana nafasi, madaraja hupotea. Pia isisahauliwe kwamba katika lugha ya vijana hatari limekuwa neno la kusifu. Hali kadhalika, agizo “weka mbali na watoto” halina mpaka. Juu ya kabati ni mbali na mtoto wa mwaka mmoja, si na wa miaka minane. “Funga kwa kufuli, watoto wasifikie” ni agizo linalotendeka.

Kazi ya tatu ni kudai nafasi ya lugha kwenye lebo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 ya kudhibiti tumbaku ni mfano mzuri: iliagiza maonyo ya afya yaandikwe kwa Kiingereza na Kiswahili, nayo yachukue angalau asilimia 30 ya upande wa mbele na asilimia 50 ya upande wa nyuma wa pakiti. Yanayowezekana kwa sigara yanawezekana kwa kemikali. Vyombo vya usanifishaji lugha kama BAKITA, BAKIZA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, vikishirikiana na mashirika ya viwango, vinaweza kutoa orodha moja ya tafsiri za alama, ikajaribiwa kwanza kwa wasomaji wa mijini na vijijini kabla ya kuidhinishwa.

Lipo tatizo moja ambalo lebo bora kiasi gani haiwezi kulitatua peke yake. Bidhaa nyingi huuzwa kwa kupimiwa. Mafuta ya taa, dawa za kung’arisha na viuatilifu humiminwa kutoka chombo kikubwa na kutiwa katika chupa ya maji au soda. Hapo alama zote hubaki dukani, na chupa hubeba lebo ya kinywaji. Katika hali hiyo onyo pekee linalosafiri na bidhaa ni lile linalotamkwa na muuzaji. Elimu ya alama haina budi kumfikia muuzaji kabla ya mnunuzi.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba alama za lebo ni mfumo wa ishara unaochanganya mfanano, sababu na makubaliano, na kwamba sehemu kubwa ya maana yake hutegemea makubaliano. Makubaliano hayo yakiwa yamefanyika mbali na msomaji, humfikia kwa njia moja tu, nayo ni kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Kuzifundisha alama hizi katika vipindi vya Kiswahili shuleni, kuzipa majina thabiti, na kuyapima majina hayo kwa watumiaji ni kazi ya kitaaluma kama ilivyo uhariri wa miswada au utungaji wa kamusi. Kwa mkulima anayeshika gunia la mbegu zenye rangi, na kwa mtoto anayeikuta chupa chini ya meza, manufaa ya kazi hiyo hayahitaji kuelezwa zaidi.